Kusimama na Kusimamishwa: Uhakiki wa Hali za Kuongoza Chombo cha Angani katika Michezo ya Elite

0. Utangulizi

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, wa tamthilia, wa mashairi na wa nyimbo. Leo tunamwomba atuvumilie tukimletea kazi ya aina nyingine, yaani mchezo wa kompyuta. Tunajua wapo watakaouliza: je, mchezo una nini cha kuhakikiwa? Jibu letu ni fupi. Kazi yoyote iliyotungwa na binadamu, yenye fani na maudhui yake, nayo ikamtaka mpokeaji aelewe jambo fulani kwa njia fulani, yaweza kuhakikiwa. Tena mchezo una sifa moja ambayo riwaya haina: haumwelezi mpokeaji jambo hilo, bali humfanya alitende kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo kosa lililomo katika riwaya hubaki kichwani mwa msomaji, lakini kosa lililomo katika mchezo huingia hata vidoleni.

Kazi tutakazozitazama ni tatu, nazo ni za mfululizo mmoja uliotungwa Uingereza: Elite ya mwaka 1984, Frontier: Elite II ya mwaka 1993, na Elite Dangerous ya mwaka 2014. Katika zote tatu mchezaji ni rubani wa chombo cha angani ambaye hufanya biashara, hupigana na husafiri kati ya nyota. Hatutagusa biashara wala uzuri wa picha. Tutashughulikia jambo moja tu, ambalo ndilo shina la mengine yote: hali za kuongoza chombo. Kwa maneno hayo tunakusudia ule mgawanyo wa kazi kati ya rubani na kompyuta ya chombo: nani anashika nini, na nani anaachia nini.

Swali letu ni hili: mchezo unapomsaidia mchezaji kukiongoza chombo, je, unamjulisha kwamba anasaidiwa? Tutajaribu kuonyesha kwamba ubora na upungufu wa kazi hizi tatu hutegemea jibu la swali hilo. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili, ambacho wengi hukidhania kuwa hakina maneno ya mambo kama haya, kinalo tayari neno linalolitatua fumbo lenyewe.

1. Mwendo ulivyo angani

Kabla ya kuhakiki yafaa kwanza tukubaliane juu ya ukweli ambao michezo hii inauiga. Hapa duniani kila kitu kinachokwenda hukutana na kitu kinachokizuia. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika akiacha kupiga kasia, mtumbwi wake huendelea kidogo, kisha hutulia. Mwendesha baiskeli akiacha kukanyaga katika barabara tambarare, baada ya mita kadhaa hana budi kuweka mguu chini. Kutokana na mazoea hayo binadamu wa kila taifa, na Aristotle akiwa mmoja wao, waliamini kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda bila kuwapo kinachokisukuma. Mwaka 1687, Isaac Newton alipotoa kitabu chake kikuu cha sheria za mwendo, aliandika kinyume cha imani hiyo kama sheria: kitu kinachokwenda huendelea kwenda vilevile, kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, itakapokibadilisha. Kinachousimamisha mtumbwi ni maji, si kukosekana kwa kasia.

Angani hakuna maji wala hewa ya kuzuia. Hapo yanazuka mambo matatu ambayo kila mwongozaji wa chombo lazima ayajue. La kwanza, injini haihitajiki kwa ajili ya kuendelea kwenda. Inahitajika kwa ajili ya kubadili mwendo tu. Rubani akiizima, chombo hakipunguzi hata kidogo. La pili, kugeuza pua ya chombo si kugeuza njia yake. Chombo kinachokwenda kaskazini kinaweza kugeuka kikatazama kusini, nacho kitaendelea kwenda kaskazini kinyumenyume. La tatu, hata kule kuzunguka penyewe hakukomi: chombo kilichoanza kugeuka kitaendelea kugeuka hadi kisukumwe upande wa pili kwa kipimo kilekile.

Jambo hili la tatu si la vitabuni tu. Tarehe 16 Machi 1966, wanaanga wa Marekani Neil Armstrong na David Scott walikuwa ndani ya chombo Gemini 8 wakati injini yake ndogo moja ilipokwama ikiwa wazi. Chombo kikaanza kuzunguka, na kwa kuwa hapakuwa na cha kukizuia, kikazidi kuongeza mzunguko hadi kufikia takriban mzunguko mmoja kwa kila sekunde. Armstrong alilazimika kuuzima mfumo wote wa injini hizo na kutumia zile zilizowekwa akiba kwa ajili ya kurudi duniani, na safari ikakatizwa siku hiyohiyo. Basi, tunapozungumza juu ya hali za kuongoza chombo, tunazungumza juu ya jambo ambalo nje ya mchezo lilikaribia kuua watu.

2. Kazi tatu, majibu matatu

2.1. Elite (1984)

Elite ya kwanza ilitungwa na vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, ikatolewa na kampuni ya Acornsoft kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, iliyokuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Ndani ya udogo huo watunzi walifaulu kuingiza makundi 8 ya nyota, kila kundi likiwa na sayari 256. Ni ustadi ambao haujasahauliwa hata leo.

Hata hivyo, kwa upande wa mwendo, kazi hii haikujaribu kabisa kuiga anga. Chombo kinaruka kama ndege. Rubani akiongeza mwendo, kinakwenda; akipunguza, kinapungua papo hapo; akielekeza pua mahali, kinafuata pua. Hakuna hali ya kuchagua, kwani hali ni moja tu. Mchezaji wa mwaka 1984 aliyemaliza mamia ya saa angani alitoka humo akiwa na imani ileile aliyoingia nayo, yaani imani ya mtumbwi.

Pamoja na hayo kuna mahali pamoja ambapo kazi hii imefanya jambo la maana kwa hoja yetu. Vituo vya angani katika Elite huzunguka, na rubani anayetaka kuingia hana budi kukipanga chombo chake mbele ya mlango na kukizungusha sawasawa na kituo, la sivyo atajibamiza. Kazi hiyo ni ngumu, na ndiyo sababu mchezo unamuuzia kompyuta ya kuegesha. Anayeinunua huitazama ikimwingiza kituoni bila yeye kugusa kitu. Katika toleo la kompyuta ya Commodore 64, msaada huo husindikizwa na wimbo wa dansi wa Johann Strauss, uleule ambao Stanley Kubrick aliutumia katika filamu yake ya anga ya mwaka 1968. Huenda watunzi walitaka mzaha tu. Sisi tunaona kwamba bila kukusudia walitoa kanuni nzuri: msaada unaojitangaza. Muziki ukianza, mchezaji anajua kwamba si yeye anayeongoza. Ukikoma, anajua kwamba usukani umerudi mikononi mwake.

2.2. Frontier: Elite II (1993)

Miaka tisa baadaye Braben alileta kazi ya pili, akaamua kusema ukweli wote. Sayari zina ukubwa wake halisi, umbali ni umbali halisi, na mwendo unafuata sheria za Newton. Chombo kilichosukumwa kinakwenda bila kukoma. Anayetaka kufika kwenye sayari hana budi kuongeza kasi nusu ya safari, kisha kugeuza chombo na kupunguza nusu ya pili. Kwa kuwa safari za namna hiyo huchukua siku nyingi, mchezo umeweka njia ya kuharakisha saa, pamoja na kompyuta ya kumfikisha rubani asiyeweza hesabu hiyo.

Kwa upande wa maudhui tungetarajia kuisifu kazi hii kuliko zote. Lakini mhakiki mwaminifu lazima aseme pia kilichotokea kwa upande wa fani. Mapambano yaliharibika. Vyombo viwili vinavyokaribiana kwa kasi kubwa mno hupishana kwa kufumba na kufumbua, kisha kila kimoja huanza kazi ndefu ya kupunguza, kugeuka na kurudi, ili vipishane tena. Wachezaji wengi waliopenda ile ya 1984 walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Wakashindwa kupigana, wakakabidhi usukani kwa kompyuta, wakakaa kutazama. Matokeo ni kinyume cha lengo: kazi iliyotaka kumfundisha mchezaji ukweli wa mwendo ilimfanya awe abiria. Ukweli uliotolewa wote kwa pamoja, pasipo ngazi ya kuupandia, haukufundisha.

2.3. Elite Dangerous (2014)

Kazi ya tatu ilitolewa tarehe 16 Desemba 2014 na kampuni ya Braben, Frontier Developments. Humo tunakuta hali mbili zilizo wazi, na mchezaji anaweza kuvuka kutoka moja hadi nyingine kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Katika hali ya kwanza, ambayo ndiyo mchezaji huanza nayo, kompyuta ya chombo humsaidia rubani. Yeye husema tu anachokitaka: kasi hii, upande huu. Kompyuta ndiyo inayowasha injini ndogo za pembeni, za nyuma na za mbele ili kuyatimiza. Rubani akirudisha mkono wa kasi kwenye sifuri, kompyuta husukuma kinyume mpaka chombo kitulie. Akigeuza pua kushoto, kompyuta hufuta mwendo wa zamani na kuujenga mpya upande wa kushoto. Akiachia usukani, mzunguko unakatwa. Hivyo chombo huonekana kama ndege ya 1984, ingawa chini ya sura hiyo kuna kazi nyingi inayotendeka. Kwenye kipimo cha kasi kuna sehemu iliyopakwa rangi ya buluu, karibu na katikati, ambapo chombo hugeuka kwa wepesi kuliko kasi nyingine zote. Rubani mwenye busara hupigana akiwa ndani ya sehemu hiyo.

Katika hali ya pili msaada umezimwa. Kila kilichoanzishwa kinaendelea. Rubani ana njia sita za kukisukuma chombo bila kukigeuza: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu na chini. Ana pia njia tatu za kukizungusha: kuinua au kushusha pua, kuipeleka pua kushoto au kulia, na kukibiringisha chombo ubavuni. Kila tendo alilolitenda katika njia hizo tisa, yeye mwenyewe ndiye atakayelifuta. Hata ule msaada wa kufuata mzunguko wa kituo huzimika pia, ndiyo maana anayeingia kituoni katika hali hii huona kuta zikimzunguka. Lakini faida yake ni kubwa: rubani anayekimbizwa anaweza kugeuka na kumtazama adui uso kwa uso huku akiendelea kukimbia kinyumenyume.

Tunamshauri mwanafunzi anayetaka kuielewa hali hii asianzie kituoni wala vitani. Aende mahali patupu, azime msaada, asukume mbele kidogo, kisha aondoe mkono na kutazama. Baadaye asukume nyuma kwa muda uleule na kuona jinsi mwendo unavyofutika. Halafu afanye vilevile kwa kubiringika, na mwisho achanganye mawili kwa pamoja. Baada ya siku chache atagundua kwamba hatazami tena pua ya chombo inakoelekea. Anatazama chombo kizima kinakokwenda. Mageuzi hayo ya macho ndiyo somo lenyewe.

3. Mkono unaoonekana na mkono uliofichwa

Hadi hapa Elite Dangerous yaonekana kuwa imepata njia ya katikati. Imechukua wepesi wa 1984 na ukweli wa 1993, ikavifanya viwe ngazi mbili za nyumba moja. Tena inamjulisha mchezaji: msaada ukizimwa, maandishi yanatokea mbele yake kumwambia hivyo. Kwa jambo hili tunaisifu bila kusita.

Lakini tutazame kwa makini zaidi. Rubani amezima msaada. Anasukuma mbele, kasi inapanda. Anazidi kusukuma. Kwa mujibu wa Newton kasi ingezidi kupanda kadiri injini inavyosukuma. La hasha! Mahali fulani inagota, na injini ikiendelea kusukuma haiongezi kitu. Sidewinder, chombo ambacho kwa miaka mingi wachezaji wengi wameanza nacho, kikiwa na injini zake za kawaida hufikia karibu mita 220 kwa sekunde, na zaidi ya 300 kwa msukumo wa ziada wa kitambo. Kwa kulinganisha, Kituo cha Anga cha Kimataifa huizunguka dunia kwa zaidi ya kilomita 7 kwa kila sekunde. Basi chombo cha hadithi hii, kinachoruka kutoka nyota hadi nyota, kati ya vituo huenda polepole kuliko ndege nyingi za kivita za leo.

Sababu inaeleweka. Kikomo hiki ndicho kilichoyaokoa mapambano yasirudie maafa ya 1993. Bila hicho vyombo vingepishana tena bila kupigana. Hatuwalaumu watunzi kwa kukiweka. Fani ina haki zake. Lawama yetu ni nyingine. Msaada wa kwanza umewekwa kwenye kitufe, una jina, una maandishi. Kikomo cha kasi hakina kitufe wala hakijieleze kama msaada. Kinajifanya kuwa sehemu ya ulimwengu. Mchezaji anayezima msaada huamini kwamba sasa amebaki peke yake na sheria za mwendo, kumbe mkono wa pili bado umemshika begani. Aliyedanganywa na akajua atajisahihisha. Aliyeambiwa kwamba udanganyifu umekwisha, na ungali upo, hana njia ya kujisahihisha.

Kwa hiyo tungesema hivi: katika 1984 uongo ulikuwa mmoja, wa wazi, wala hakuna aliyeuchukua kuwa fizikia. Katika 2014 ukweli ni mwingi zaidi, lakini kipande cha uongo kilichobaki kimewekwa palepale ambapo mchezaji anadhani amefika kwenye ukweli.

4. Je, kusaidiwa ni aibu?

Hapa inatupasa kukabiliana na hoja inayosikika sana miongoni mwa wachezaji. Wapo wanaodai kwamba rubani wa kweli ni yule anayezima msaada, na kwamba anayeutumia ni mtoto. Hoja hiyo ilizidi kupata nguvu mwaka 2019, mchezo ulipoongezewa kifaa cha kumsaidia rubani hata katika mwendo wa kasi kuliko nuru, pale ambapo zamani ilimbidi achunge mwenyewe kasi yake ili asiipite sayari anayoiendea.

Sisi hatukubali. Tuchukue mfano unaojulikana na wote. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kilipokaribia uso wa mwezi, kompyuta yake ilikuwa ikikielekeza kwenye shimo lenye mawe makubwa. Husemwa mara nyingi kwamba Armstrong alimnyang'anya kompyuta usukani akatua kwa mkono. Usemi huo haukamiliki. Alichofanya ni kubadili hali ya uongozi. Katika hali mpya yeye alichagua jinsi chombo kiinamie na kwa kasi gani kishuke, na kompyuta ilibaki kazini: iliushikilia mwinamo alioutaka na kuipima nguvu ya injini ili kasi ya kushuka iwe ile aliyoichagua kwa swichi ndogo, futi moja kwa sekunde kwa kila mguso. Rubani mashuhuri kuliko wote alitua akiwa ameshikwa mkono. Tofauti ni kwamba yeye alijua mkono huo unashika nini na umeachia nini.

Mfano wa kinyume ni wa tarehe 25 Juni 1997. Katika kituo cha Mir, Vasily Tsibliyev aliagizwa kukileta kwa mkono chombo cha mizigo, Progress M-34, bila mfumo wa kujiongoza uliozoeleka. Alikuwa na picha ya kamera iliyokitazama kituo huku dunia ikiwa nyuma yake, wala hakuwa na kipimo cha kuaminika cha umbali na kasi. Alipotambua kwamba chombo kinakuja upesi mno, alisukuma kinyume, lakini chombo cha tani kadhaa hakisimami kwa kutakiwa kusimama. Kikaigonga sehemu ya Spektr na kuitoboa, hewa ikaanza kuvuja, na wanaanga wakalazimika kuifunga sehemu hiyo upesi ili kuokoa maisha yao. Hapa msaada uliondolewa, na pamoja nao yakaondolewa macho ya rubani.

Mifano hii miwili yatuonyesha kwamba swali si kama rubani anasaidiwa au hasaidiwi. Swali ni kama anajua. Msaada unaojulikana ni chombo cha kazi. Msaada usiojulikana ni kitambaa machoni.

5. Neno ambalo tayari tunalo

Tufikie sasa upande unaotuhusu sisi wa idara za Kiswahili. Mwanafunzi wetu hujifunza sheria ya Newton darasani kwa Kifaransa, huikariri, huandika mtihani, hufaulu. Mwulize kwa lugha ya nyumbani kwa nini mtumbwi husimama mvuvi akiacha kasia, naye atajibu: kwa sababu hakuna anayeusukuma. Sheria imekaa katika lugha moja na mazoea yamekaa katika nyingine, na hakuna daraja kati yake. Hili ndilo linalotusukuma kuandika makala haya. Mchezo ni mlango tu.

Wapo wanaosema kwamba daraja hilo haliwezi kujengwa kwa sababu Kiswahili hakina istilahi. Tunawajibu kwa kitenzi kimoja. Kusimama, katika lugha yetu, ni kukaa wima juu ya miguu, na pia ni kuacha kwenda. Maana zote mbili zinadai ardhi. Lakini angani hakuna ardhi. Kwa hiyo anayesema chombo kimesimama lazima aulizwe mara moja: kimesimama kwa kulinganisha na nini? Na kituo? Na sayari? Na nyota? Rubani wa Frontier alijifunza swali hilo kwa taabu, kwani kasi yake haikuwa na maana yoyote mpaka ijulikane inapimwa kwa kulinganisha na nini.

Tena lugha yetu hutofautisha kwa viambishi vichache tu jambo ambalo ndilo kiini cha hali mbili za Elite Dangerous. Kusimama, kusimamisha, kusimamishwa. Mchezaji aliye katika hali ya kwanza husema: chombo changu kimesimama. Sarufi ya kweli ingemtaka aseme: chombo changu kimesimamishwa. Na kitenzi cha kutendwa kikishatamkwa, masikio ya Mswahili yanangoja neno linalofuata: kimesimamishwa na nani? Na kompyuta, kwa injini zipi, kwa mafuta kiasi gani? Vivyo hivyo mtumbwi wa mvuvi wetu hausimami. Unasimamishwa na maji. Sentensi hiyo ya maneno machache, ambayo mtoto wa Kalemie au wa Uvira anaielewa bila kamusi, imebeba sheria ya mwaka 1687.

Kuhusu majina ya hali zenyewe, tungependekeza mawili kwa majadiliano. Hali ya kwanza tuiite mwendo wa kushikwa mkono, na ya pili mwendo wa kuachiwa. Tunaukataa usemi wa kuongoza kwa mikono kwa ajili ya hali ya pili, kwa sababu, kama tulivyoona kwa Armstrong, mikono hutumika katika zote mbili. Tunaukataa pia usemi wa mwendo huru, kwa sababu chombo kilichoachiwa si huru hata kidogo. Kimefungwa na kila tendo kilichotendewa. Mtoto anayejifunza kutembea hushikwa mkono, kisha huachiwa. Hakuna anayemwonea haya kwa kushikwa. Lakini mzazi mwema huachia mkono mtoto akiwa anajua, wala hamshiki kwa siri nyuma ya shati huku akimwambia: sasa unatembea peke yako.

6. Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kama mchezo unamjulisha mchezaji kwamba anasaidiwa. Tumeona kwamba Elite ya 1984 ilikuwa na hali moja isiyodai ukweli, na msaada mmoja uliojitangaza kwa muziki. Frontier ya 1993 ilisema ukweli mwingi, lakini bila kumpa mchezaji ngazi ya kuufikia, ikamwacha abiria. Elite Dangerous ya 2014 imejenga ngazi hiyo, na kwa sababu hiyo tunaiona kuwa kazi iliyofaulu kuliko zile mbili. Upungufu wake ni kikomo cha kasi kinachofanya kazi ya msaada bila kulikubali jina la msaada.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, na hata kwa mwenzake wa fizikia aliye ng'ambo ya ua, tunaacha zoezi moja tu. Awaulize wanafunzi wake: chombo kikizimwa injini angani, husimama? Asikubali jibu la ndiyo au la. Adai kitenzi kitiwe katika umbo lake kamili, na baada ya umbo hilo adai neno "na", na baada ya "na" adai jina. Mwanafunzi atakayeshindwa kulitaja jina hilo atakuwa ameanza kuelewa kwamba angani hapana wa kumsimamishia.